Acheni Kuupamba Usiku wa Asiyelala

Wanaofuatilia kurasa za fasihi wameshaikuta hii mara nyingi kuliko wanavyokumbuka. Mwandishi anahojiwa, anaulizwa huandika saa ngapi, naye anajibu kwamba huandika usiku wa manane, wengine wakiwa wamelala, maana yeye na usingizi hawapatani. Anayemhoji anafurahi. Jibu linapandishwa juu kabisa, kwenye kichwa cha mahojiano. Linasambaa. Halafu kijana fulani wa chuo, ambaye ana wiki ya tatu hajapata lepe la usingizi na kichwa chake kimeanza kumwambia kwamba asingekuwepo watu wangepumua, analisoma na kujisemea moyoni: kumbe huu si ugonjwa, huu ni usanii.

Ugomvi wangu ni na jibu hilo, na sisi tunaolishangilia.

Sina tatizo na mtu anayeamka saa tisa za usiku kwa hiari yake, akachemsha chai, akaandika kurasa mbili na kurudi kulala. Huyo ana ratiba tu. Kiswahili chenyewe kinamtenga na yule mwingine, tena kwa kitenzi. Mtu hukesha: anakesha msibani, anakesha ngomani, anakesha na vitabu. Kukesha ni tendo, na mtendaji ni yeye. Lakini usingizi ndio unaomruka mtu, unaompaa, unaomkimbia. Hapo mtendaji ni usingizi, yeye kabaki katendwa. Ni mambo mawili tofauti kabisa, na sisi watu wa maneno, ambao tungetakiwa kuwa wa kwanza kuyatenganisha, tumeyakoroga kwenye sufuria moja na kuyaita maisha ya mwandishi.

Na mkorogo huu una madhara nje ya vitabu. Kwa watu wanaoishi na sonona, baipola, skizofrenia, au mshtuko uliobaki baada ya ajali, vita au ukatili, kukosa usingizi ni mojawapo ya dalili zinazoongozana na hatari ya kujiua. Tena ni dalili ambayo mama, mpenzi, mwenzako wa chumba au mhariri wako anaweza kuiulizia bila kuwa daktari na bila kumwaibisha mtu. Tunayo mkononi. Badala ya kuiulizia, tunaiandikia tenzi.

Nianze na vitabu, kwa sababu huko ndiko tulikojifunza tabia hii.

Wapenzi wa usiku wana mtakatifu wao, Emil Cioran, Mromania aliyehamia Ufaransa. Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka 1934 akiwa kijana mdogo, kilizaliwa katika kipindi cha kukosa usingizi, na mwenyewe aliirudia habari hiyo maisha yake yote. Sawa. Lakini Cioran alifariki 1995 akiwa na miaka 84. Anayemtaja Cioran kama ushahidi kwamba kutolala kunazaa fikra anafanya kama yule anayemtaja babu yake aliyevuta sigara mpaka akafika miaka tisini. Hongera kwa babu. Wengine wako makaburini, na waliokufa hawahojiwi.

Sasa mchukueni Sylvia Plath. Riwaya yake, The Bell Jar, ilitoka Januari 1963 kwa jina la bandia, naye akafariki Februari mwaka huohuo akiwa na miaka 30. Wasomaji wa mtandaoni wanaipenda mno sehemu ya mtini, ile ambapo msichana anaona kila tunda ni maisha ambayo angeweza kuyachagua. Imechorwa kwenye vikombe, imechorwa hata kwenye ngozi za watu. Lakini msichana huyo, Esther, anapokwenda kwa daktari hapeleki mtini. Anapeleka usingizi. Shida anayoisema kwa mdomo wake ni kwamba halali, tena kwa siku nyingi, na anaomba dawa yenye nguvu zaidi. Anahamishiwa kwa mtaalamu wa magonjwa ya akili asiyemsikiliza. Mtu yeyote anayekisoma kitabu kile kwa utulivu ataona kwamba malalamiko yamesemwa wazi kabisa, na aliyepaswa kuyasikia alikuwa ameketi upande wa pili wa meza. Tumeinukuu mitini mpaka tumechoka. Ule usiku hatuuoni.

Tuna na wa kwetu, au niseme wa kwetu kwa kuasiliwa: Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi iliyotoka 1968. Kila aliyepita kwenye darasa la fasihi anajua kwamba Bibi Makbeth anatembea usingizini na kunawa mikono isiyo na kitu. Tunafundishwa kuandika neno moja: hatia. Maksi zinapatikana, tunasonga mbele. Lakini irudieni ile sehemu muone nani yuko jukwaani. Kuna watu wawili wanaokesha kumtazama mgonjwa. Mmoja ni mhudumu wake wa kike, ambaye ameshahesabu nyendo zake za usiku na ndiye aliyekwenda kumwita daktari. Wa pili ni daktari mwenyewe. Daktari anakiri kwamba ugonjwa huu umempita kimo, anaona mama huyu anamhitaji mtu wa Mungu kuliko tabibu. Lakini kabla hajaondoka anatoa maagizo mawili: viondolewe vitu vyote anavyoweza kujidhuru navyo, na asiachwe bila jicho la kumwangalia. Muda si mrefu habari za kifo chake zinafika, na mwisho wa tamthilia tunaambiwa inaaminika alijiua.

Mwanzoni mwa karne ya 17, mwandishi wa michezo ya kuigiza, asiye tabibu, alitazama usingizi uliovurugika akajua kinachoweza kufuata. Maagizo yale mawili ndiyo hayohayo ambayo leo daktari makini anaipa familia ya mgonjwa aliye hatarini. Mpaka mhudumu anayehesabu usiku amemweka! Sisi tumemfuta mhudumu, tumemfuta daktari, tumebaki na hatia.

Euphrase Kezilahabi naye hakupona mikononi mwetu. Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974) zote zinawafikisha wahusika wakuu wake kwenye kujiua, na kwa nusu karne uhakiki wetu umeandika udhanaishi, udhanaishi, udhanaishi. Sisemi wahusika wapelekwe kliniki. Kazimoto ni karatasi na wino, hana faili hospitalini. Ninachosema ni kwamba tumezoea kusoma kujiua kama hoja, kama hitimisho ambalo mtu mwenye akili kali amelifikia baada ya kufikiri sana. Mazoea hayo hayabaki kwenye ukurasa. Mtaani akifa mtu, tunatafuta hoja yake. Tunaulizana alikuwa anatuambia nini. Hatuulizani alikuwa halali tangu lini.

Nenda magazetini, huko ninakolia chumvi yangu, ukaone. Habari fupi ya polisi ina aya nne, na aya ya tatu ina chanzo: wivu wa mapenzi, ugumu wa maisha, madeni, kufeli mtihani. Chanzo kimoja, kama vile mtu ni taa na kuna aliyezima swichi. Shirika la Afya Duniani limeshawaandikia wanahabari mwongozo kuhusu jambo hili, na mojawapo ya mambo linaloyaomba ni kwamba tusikirahisishe kifo cha mtu kwa sababu moja. Mwongozo upo. Aya ya tatu nayo ipo, inaendelea vilevile. Jirani anaulizwa kama marehemu alikuwa na ugomvi na mkewe. Sijawahi kusoma habari ambayo jirani anaulizwa kama taa ya marehemu ilikuwa inawaka usiku kucha, na ajabu ni kwamba hilo jirani analijua zaidi kuliko ugomvi.

Kwa makadirio ya Shirika hilohilo, watu wapatao 727,000 walijiua mwaka 2021, takriban robo tatu yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo. Hao ndio umri wa wasomaji wengi wa kurasa kama hii. Kwa hiyo sizungumzii watu wa mbali.

Na usingizi unaingiaje? Mwaka 1990 Jan Fawcett na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 954 nchini Marekani, watu wenye sonona na magonjwa mengine makubwa ya hisia. Walichokiona kiliwashangaza hata mabingwa. Dalili tunazozihofia zaidi, yaani kukata tamaa, kuwa na mawazo ya kujiua na kuwahi kujaribu, zilihusiana na vifo vya miaka ya baadaye. Lakini vifo vya mwaka wa kwanza vilihusiana na mambo mengine: wasiwasi mkali, mashambulizi ya hofu, akili kushindwa kutulia, kupoteza ladha ya vitu, pombe, na kukosa usingizi usiku mzima. Soma tena orodha hiyo. Ni vitu ambavyo mtu anaviona sebuleni kwake.

Tangu hapo ushahidi umerundikana. Mwaka 2001 utafiti wa Finland uliohusisha watu zaidi ya 36,000 ulikuta kwamba wanaoota majinamizi mara kwa mara walikuwa na hatari ya kujiua takriban mara mbili ya wasioota. Mwaka 2014 watafiti walikusanya tafiti 19 za watu wenye magonjwa ya akili peke yao, wakalinganisha wanaolala na wasiolala: kwa wasiolala, mawazo na matendo ya kujiua yalikuwa karibu mara mbili. Hapo ndipo hoja ya kwamba wagonjwa wote hawalali, kwa hiyo usingizi hautuambii kitu, inapovunjika. Ndani ya wagonjwa wenyewe, usingizi unatenganisha.

Kuna utafiti mmoja ambao ningependa kila anayeusifia usiku aukariri. Michael Perlis na wenzake, mwaka 2016, waliangalia saa za vifo vya kujiua nchini Marekani. Ukihesabu juujuu, vingi hutokea mchana. Lakini mchana karibu kila mtu yuko macho! Walipogawanya kwa idadi ya watu ambao hasa wako macho kila saa, picha iligeuka. Kati ya saa sita za usiku na saa kumi na mbili alfajiri, vifo vilikuwa mara 3.6 ya vile ambavyo vingetarajiwa. Goya alichora mwaka 1799 mtu aliyelala juu ya meza yake, bundi na popo wamemzingira, kwa maana kwamba akili ikilala mazimwi huamka. Kundi la Perlis lilimgeuza Goya kwa swali lao: je, inakuwaje akili imelala lakini mwenyewe yuko macho?

Inakuwa hivi. Sehemu ya ubongo inayopima, inayoahirisha, inayosema ngoja kwanza mpaka asubuhi, inachoka mapema kuliko sehemu inayohisi. Deni la elfu hamsini saa nne asubuhi ni deni. Saa nane za usiku ni hukumu. Neno alilosema shangazi yako miaka sita iliyopita linarudi na sauti yake kamili. Huna wa kumpigia. Ukimpigia utamwamsha, na wewe tayari unajiona mzigo. Kesho usiku unakiogopa kitanda chenyewe, na woga huo unakuweka macho, na sasa una ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Mwenye sonona mara nyingi huamka saa tisa au saa kumi, kiza totoro, na kubaki hapo na mawazo yake mpaka jogoo. Mwenye baipola anaweza kuona kinyume chake, anahisi hahitaji kulala kabisa, ana nguvu, ana miradi kumi. Watu wake wanasema ashukuriwe Mungu amechangamka, kumbe ndio mwanzo wa safari.

Najua mtakaponikamata. Mtasema watu mamilioni hawalali na hawajiui. Ni kweli, tena nalikubali kwa herufi kubwa: wengi mno wasiolala hawatajiua, na hakuna dalili hata moja inayoweza kumtabiria mtu. Mwaka 2017 Joseph Franklin na wenzake walipitia tafiti 365 za miaka hamsini na kukuta kwamba utabiri wetu wa kujiua kwa kutumia alama za hatari hauzidi sana kurusha shilingi. Kwa hiyo simwambii mtu ajipime kwa simu yake usiku huu na kujitangazia msiba. Nasema jambo dogo zaidi. Huwezi kumbadilishia mtu utoto wake, wala ukoo wake, wala jaribio lililopita. Usingizi unabadilika. Unatibika. Katika orodha nzima ya vitu vya kutisha, hiki ni kimoja tunachoweza kukishika.

Wapo pia wanaosema, na baadhi yao wamevaa makoti meupe, kwamba usingizi ni dalili tu, tibu sonona nao utarudi wenyewe. Hiyo ni hoja ya zamani. Toka 2013 mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la tano, uliacha kuugawa ugonjwa wa kukosa usingizi katika makundi ya asili na ya kufuatia ugonjwa mwingine. Unatajwa kwa jina lake, unatibiwa kwa haki yake, hata kama umekaa na mwenzake. Na 2017 Daniel Freeman na wenzake waliwachukua wanafunzi 3,755 wa vyuo vikuu 26 vya Uingereza waliokuwa hawalali, baadhi wakapewa tiba ya usingizi kwa njia ya kompyuta. Usingizi ulipotengemaa, hisia za kuandamwa na watu na kusikia au kuona visivyokuwepo navyo vilipungua. Walitibu usiku, mchana ukapona kidogo.

Tiba yenyewe haina uchawi. Tangu 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kinaiweka mbele ya vidonge: mazungumzo na mazoea. Kuamka saa ileile kila siku hata kama hukulala. Kutobaki kitandani ukihangaika. Kupunguza muda wa kitandani mpaka usingizi uujaze, ingawa hili la mwisho lina hatari kwa mwenye baipola na linahitaji mtaalamu. Vidonge vina nafasi yake, lakini jaribio la Vaughn McCall mwaka 2019, la kuwapa dawa ya usingizi watu wenye mawazo ya kujiua, lilileta majibu mchanganyiko. Mwenye kukuambia kwamba kidonge kimemaliza kazi anakudanganya.

Hapa naomba niwageukie na hao waliotunga tiba. Kitanda kiwe cha kulala tu, wanasema. Vizuri. Niambieni hilo linafanyikaje kwenye chumba kimoja Manzese au Mathare, ambako kitanda ndicho kochi, ndicho meza ya chakula, ndicho dawati la mtoto wa darasa la nne, na upande wa pili wa ukuta kuna baa isiyojua saa. Mlinzi anayelinda geti usiku na kulala mchana chini ya bati la moto, yeye ana usingizi gani wa kurekebisha? Usingizi nao una tabaka. Washairi wetu wa usiku mara nyingi wana chumba chenye mlango, feni na chandarua kisichotoboka, ndiyo maana wanaweza kuupenda.

Asiye na hivyo anatafuta njia. Anakwenda duka la dawa kununua Piriton, dawa ya mafua na mzio, kwa sababu inalevya kidogo. Anaongeza bia mbili. Pombe inamwangusha haraka na kumwamsha saa nane, na usiku unakuwa mbaya kuliko jana. Au anapelekwa kwenye mkesha wa maombi, usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sisemi watu wasisali, bibi yangu angefufuka. Nasema mgonjwa ambaye hajalala siku nne akipelekwa kukesha siku tatu nyingine, na hasa akiwa na baipola, ambayo kukosa usingizi kunaweza kuiwasha, tunachomfanyia si kumwombea. Mwombeeni mchana. Mungu yuko hata saa nne asubuhi.

Nimeahidi swali lisiloaibisha. Kwa nini nalihitaji? Kwa sababu lile lingine, la kama mtu anafikiria kujiua, tumelifungia kwenye kabati la polisi. Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa mkoloni iliweka, kwenye kifungu cha 217 hapa Tanzania, kwamba anayejaribu kujiua ametenda kosa. Kenya walikuwa na kifungu cha 226 chenye adhabu ya mpaka miaka miwili jela, hadi Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipotamka kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Juu ya sheria kuna dini, juu ya dini kuna ukoo na maneno yake. Mtu aliyezungukwa hivyo hatakujibu ukweli ukimvamia.

Lakini sisi, jamani, ni watu ambao kila asubuhi ya Mungu tunaulizana umelalaje. Umeamkaje? Mmelala salama? Hakuna sheria dhidi ya swali hilo, hakuna aibu ndani yake, hata mkwe anaulizwa. Tatizo ni kwamba tumeshaliandikia jibu. Salama. Nzuri. Namshukuru Mungu. Mtu akithubutu kujibu kwamba hajalala wiki nzima tunakaa vibaya, tunaangalia saa, tunamwambia apunguze mawazo. Apunguze mawazo! Kana kwamba ni sukari kwenye chai. Hata lugha inatusaidia kukwepa: lala salama tunamwambia anayekwenda kulala na tunamwambia aliyekwenda kuzikwa, na wenzangu wa michezo na siasa wameigeuza kuwa jina la mzunguko wa mwisho wa ligi na wa kampeni. Neno limetumika mpaka limekosa sura.

Likirudishiwa sura, linafungua mlango. Unauliza umelalaje, halafu unanyamaza. Unasubiri jibu la pili, kwa sababu la kwanza ni la desturi. Akisema halali, unauliza tangu lini, anaamka saa ngapi, na saa hizo anawaza nini. Na hapo, ukishafika, uliza na lile gumu kwa maneno yake halisi: je, unafikiria kujiua? Imeshachunguzwa tena na tena, kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo. Mara nyingi kunamtua mzigo. Akikubali, usikimbilie hotuba. Kaa naye, ondoeni vya hatari, dawa zake zikae kwa mtu mwingine, mwende hospitali pamoja. Daktari wa Bibi Makbeth alishasema.

Kwa wahariri wa kurasa za fasihi nina ombi ambalo si la kifasihi hata kidogo. Mwandishi akikwambia halali, usiandike kichwa cha habari. Muulize tangu lini. Na kwenye kumbukizi za waandishi waliojiua, tuachane na zile sentensi za mshumaa uliozimika na roho iliyokuwa nzito kwa dunia hii. Walikuwa wagonjwa, wengi wao, na wengi waliwaambia watu kwamba hawalali. Andikeni hilo. Kazi zao hazitapungua uzito.

Na kama unasoma haya saa nane za usiku kwa sababu usingizi umekuruka tena, sina shairi la kukupa. Unachokiona saa hizi kuhusu maisha yako kinaonekana na ubongo uliochoka, usikisainie. Ondoka kitandani, kaa kwenye mwanga hafifu, weka simu mbali baada ya kumaliza. Kama mawazo yenyewe ni ya kujiua, usiiweke mbali: mwamshe mtu, hata yule unayeamini atakereka, na kama wazo linakusukuma usingoje kupambazuke, nendeni hospitali yoyote iliyo wazi. Kama si hivyo, asubuhi andika kwenye karatasi ulilala saa ngapi na ukaamka saa ngapi, ufanye hivyo siku saba, uipeleke karatasi kliniki. Daktari akikuandikia dawa bila kuiangalia, iweke juu ya meza yake na umsomee, hata kama ameshamwita mgonjwa anayefuata.